Mguu wa Kushoto

Bi. Mwongeli hakushuka kwanza.
Alizima injini mlangoni, Barabara ya Kirinyaga,
akateremsha kioo kwa mkono, mizunguko sita,
akaniambia: "Makokha, goti limestaafu.
Mimi bado."

Peju nne-sufuri-nne, rangi ya chai ya maziwa.
Kwa gari hili alikagua shule za Kitui miaka ishirini na mitatu;
vumbi la Mutomo bado limelala chini ya zulia,
nimelifagia mara nne, haliishi.
Mwanawe anataka aliuze, anunue Vitz.
"Vitz," alisema, kama anayesoma jibu lililokosewa.

Basi tukaishusha giaboksi yake,
Otiato shimoni, mimi na tochi kwenye meno.
Ilitoka nzito, ikakaa juu ya gunia
kama mgeni asiyejua ameitiwa nini.
Gia yake ya pili niliitengeneza mimi
nikiwa mwanagenzi, bila ndevu.
Kwa hiyo usiniulize kama mkono ulitetemeka.

Ile mpya — mpya! — ilitoka kwenye Toyota iliyolala mtaroni Salgaa.
Haikutaka ndoa. Peju ina hesabu zake za boliti, Toyota zake.
Odera wa Kariobangi akachonga sahani ya aluminiamu ikae kati yao,
mshenga mwenye unene wa kidole,
akanitoza kama anaoa yeye.
Tukakata sakafu. Grainda ikarusha cheche hadi kwa muuza ndizi,
akatutukana kwa lugha tatu, zote kwa haki.
Propela tukaipunguza shibiri moja.
Wiki tatu zikawa sita: umeme, mvua,
na kaka yangu kuzikwa Butere.

Kila Ijumaa alikuja na kalamu nyekundu.
Kweli, nyekundu.
Aliinama juu ya shimo, akanipokonya tochi:
"Boliti hii imekazwa na mtu mwenye njaa."
Otiato hakuwa amekula tangu jana.

Mkono wa gia alitaka ubaki pale pale, shingoni mwa usukani.
Ukabaki. Nikabandika herufi: P, R, N, D.
Akazitazama muda mrefu.
"Alfabeti gani hii? Nani aliwafundisha?"

Siku ya kujaribu, akaweka D, tukapanda Ngara,
gari likibadilisha gia lenyewe bila kuuliza mtu,
laini, kama mtu anayefunua ukurasa chumba cha pili.
Nilikuwa nikisikiliza mngurumo. Kisha nikatazama chini.
Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta.
Kila gia ilipopanda, kiatu kiliinuka,
kikakanyaga zulia, kikarudi, kikangoja.
Mara moja kikaangukia breki.
Tukasimama ghafla; lori la kabichi likatupigia honi hadi likachoka.
Hakugeuka.
"Umeitoa," alisema. "Nilikuambia uitoe. Basi."

Jioni ile niliwaruhusu vijana mapema.
Nikaichakura pedali ya klachi kutoka pipa la skrepu,
ile iliyolika upande mmoja kwa soli yake,
nikairudisha mahali pake na springi ya mlango wa jikoni.
Haisukumi mafuta. Haivuti waya.
Upande wa pili wa ukuta hakuna kinachoisikia.
Nyepesi; goti halitajua.

Asubuhi aliikanyaga kabla ya kuwasha.
Akaikanyaga tena.
Hakusema asante, wakaguzi hawana neno hilo.
Alichukua risiti yangu, akashuka nayo kwa kalamu mstari kwa mstari,
sahani, oili, propela, kazi ya mikono,
hadi pale chini ambapo sikuwa nimeandika kitu,
akaweka alama ya vema.

Giaboksi ya zamani bado iko hapa kwenye gunia.
Watu wa vyuma hupita Jumatatu na mizani, wananitajia bei kwa kilo.
Nawaambia ina mwenyewe,
ameingia mjini kidogo.