Kidaka cha Tatu

Nimekipima kidaka cha tatu kutoka mlangoni:
upana sentimita ishirini na moja,
kina kumi na tisa, na chokaa imevimba kushoto,
kwa hivyo toa moja.
Mama alisimama na mwiko mkononi:
"Ukuta huu hautobolewi. Hata msumari wa saa."
Sikuwa na la kujibu.
Nyumba ina umri kuliko hoja zangu zote.

Famau wa vifaa, Mombasa, alinipigia mara tatu.
Mara ya kwanza ana ubao mama mpana kama sinia,
tundu nne za kumbukumbu, nafasi za kadi tele,
"na rahisi, dada, rahisi kuliko hao wadogo."
Hilo ndilo lililoniudhi,
kwamba ukitaka kidogo ulipe zaidi,
kama kutafuta kimya katika nyumba ya ndugu saba.

Mara ya pili ana wa kati. "Utabana tu."
Famau hajawahi kuishi na ukuta wa matumbawe.
Hapa habani mtu wala kitu:
huingia, au hukaa nje.

Mara ya tatu, kumi na saba kwa kumi na saba.
Shubiri yangu ukiikata vidole viwili.
Tundu mbili za kumbukumbu, mdomo mmoja wa kadi.
"Ukijaza umejaza," akasema. "Usije ukanililia mwakani."

Nikamwambia nipe wiki.

Nikaikata kalenda ya mwaka jana, ya duka la saruji,
mraba wa kumi na saba, nikaulaza kidakani
nione kama jicho litauzoea.
Jumatatu Mama akaweka chetezo juu yake.
Jumanne dawa za presha za Bibi, na miwani isiyo na mkono.
Alhamisi nikakuta duara la kahawa
pale pale nilipokuwa nimechora kichakataji,
na nusu biskuti upande wa nyaya za umeme.
Hakuna aliyeuliza karatasi ni ya nini.
Ilikuwa imeshapata nafasi yake nyumbani
kabla hata ya kuwa kitu.

Ni Bibi Mwanate, akiwa kitandani,
aliyeniuliza swali ambalo Famau hakuliuliza:
"Na pumzi zake zitapita ndiya ipi?"
Nikarudi na rula. Kidaka kina mdomo mmoja, hakina mgongo.
Joto litaingia likose pa kutokea.
Basi nikaacha kichakataji chenye misuli,
nikachagua kinachokula wati thelathini na tano,
feni moja ya mwendo wa pole, ikitazama chumba,
na sikununua kesi ya bati,
maana chumvi ya hapa hula bawaba na mlango ungali mzima.
Mjomba Lali alinitengenezea ya vipande vya mvule,
akatoboa mbele maua sita ya matundu, akalalamika
kwamba skrubu zangu ni za kutengenezea saa.

Kazi yake ni moja: kanda arubaini na tatu,
sauti ya Bibi kwenye arusi za watu,
kabla sauti haijamtoka na majina hayajamfuata.
Mama, alipousoma ule uwazi wa kwenye boksi, alicheka:
"Mama gani huyu, kumbukumbu zake mbili?"
Kisha akanyamaza. Sote tulitazama upande wa kitanda.
Siku hizo Bibi alikuwa amebakiwa na bei ya unga mwaka aliojifungua
na jina la dadake, Zena, aliyekufa mdogo.
Nilijaza zote mbili. Gigi nane, nane.

Kanda ya kwanza ilitoka na mikwaruzo, kama mchele unaopepetwa,
halafu yeye, mwembamba, wa miaka ishirini na ushei.
Bibi akageuza kichwa.
"Nani huyo?"
"Ni wewe, Bibi."
Akasikiliza hadi ubeti wa pili. Akainua kidole.
"Mwambieni ashushe sauti.
Zena amelala."