Kalamu Nyekundu

Miaka thelathini na moja nilisahihisha nukta za watu
katika gazeti la Alder Fork, Montana.
Mtambo wetu wa kuchapia umeuzwa kwa kilo, chuma chakavu;
pale ofisini leo wanauza chakula cha mbwa.

Verla, mke wangu, mifupa inamtafuna.
Nyuma ya kopo la kahawa tuna chupa ya mafuta ya bangi:
matone manne chini ya ulimi,
analala kama aliyefutiwa deni.

Tuliipigia kura wenyewe, bangi iwe dawa.
Kichwa cha habari nilikipanga mimi,
herufi nene kama vidole vya mchimba madini.
Msimu huu wa theluji wabunge wameigeuza sheria
saa tano usiku, kifungu kimoja
kilichofichwa katika muswada wa kukarabati madaraja.
Kiti cha mwandishi, kile cha karibu na bomba la joto,
kilikuwa kitupu.
Runingani, watu wawili wenye tai
waligombania Washington hadi mate yakawatoka.
Mwizi hapendi kurunzi. Na nani angeiwasha?

Jumanne Verla alikwenda dukani na mkongojo wake.
Kufuli. Karatasi mlangoni:
*Tumefungwa kwa mujibu wa shreia.*

Hakulia. Alinipigia simu tu, nimfuate.

Nikafika na kalamu yangu nyekundu,
nikalizungushia lile neno,
vidole vikitetemeka kwa baridi, tuseme ni baridi,
nikaandika pembeni: sahihisha.
Kisha nikabaki nimesimama pale, mjinga mimi,
nikisubiri toleo la kesho.