Kitufe cha Pili

Limekufa tangu Jumapili, akasema Avtandil.
Yeye na mpwa wake walikuwa wamelisukuma
tangu kona ya duka la mikate,
theluji ya Kutaisi imewafika vifundoni,
pumzi zinawatoka kama moshi wa ekzosi baridi.

Nikapima. Volti tisa na kidogo.
Betri ya miaka saba, imevimba ubavu:
bado inatosha kukumbuka,
haitoshi kuwasha.

Dakika kumi, nikamwambia.
Nachomoa hii, napachika mpya,
utafika nyumbani supu haijapoa.

Akaweka kiganja juu ya betri
kama mtu anayezuia mlango.
Ukichomoa, Lamara, kiti kitasahau?

Miaka ishirini nasikiliza beringi, mikanda, valvu.
Najua gari linalodanganya na gari linaloumwa.
Sauti ile sikuijua.

Kitasahau, nikasema. Saa, redio, vioo vya madirisha,
vyote vitaamka kama vichanga.
Utavifundisha upya.

Kitufe cha kwanza ni changu, akasema. Kifute ukitaka.
Cha pili ni cha Eteri.

Nikavitazama, pale mlangoni chini ya kitasa:
viwili, kila kimoja kama punje ya harage,
namba moja ing'avu,
namba mbili imefutika nusu kwa kidole.
Mhandisi aliyevichora, huko aliko,
aliwaza ugomvi wa asubuhi tu:
nani tena amesogeza kiti changu?
Hakuwaza Februari hii.

Basi nikaleta betri ya akiba kutoka kwenye lori la Merabi,
nikabana nyekundu kwa nyekundu,
nyeusi kwenye chuma cha bodi,
umeme ukaingia kwa mlango wa nyuma
kabla wa mbele haujafungwa.
Spana namba kumi. Hasi kwanza.
Halafu chanya, na hapo ndipo penye kazi,
maana waya ule sasa uko hai mkononi,
hauna betri yake lakini una moto,
na ukigusa bodi mara moja tu, cheche,
na kwaheri.
Nikauvisha glavu ya mpira, vidole vitano vimelegea.
Zaza alishika tochi. Tochi ikatetemeka.
Shika vizuri, nikamkaripia, mjomba wako anatazama,
kumbe mjomba amegeuka, anausoma ukuta,
bei za oili za mwaka juzi, mstari kwa mstari.

Mpya ikakaa. Nikakaza. Nikatoa vibanio.
Saa ya kwenye dashi ilisema saa kumi na dakika nane,
haikuruka hata sekunde.

Hakuingia ndani.
Alisimama nje, mlango wazi, akabonyeza namba mbili.

Kiti kikanguruma kidogo, kikasogea mbele,
mbele tena, kikapanda.
Usukani ukashuka.
Vioo vya pembeni, cha kulia kisha cha kushoto,
vikainama, vikitafuta macho ya mtu
wa futi tano kasoro.
Vikayapata mahali pale, hewani, vikatulia.

Ndipo dashi ikaanza kulia, ti, ti, ti,
na mtu mwekundu akawaka: funga mkanda.

Hakuufunga hata siku moja, akasema Avtandil,
mpaka avuke daraja la Rioni.
Akacheka, au alikohoa. Kulikuwa na baridi.

Alinilipa ya betri. Ya ufundi nilikataa,
akaniachia uzi wa jozi zilizochovywa maji ya zabibu,
akabonyeza namba moja,
na kiti kikarudi nyuma taratibu
kama mtu anayempisha mwenzake ukumbini.

Betri ya zamani ilibaki sakafuni kungoja lori la vyuma chakavu.
Jioni, kabla ya kufunga, niliipima tena.
Sikuwa na sababu.
Tisa na kidogo.