Sikio la Meno

Limeletwa alfajiri, Uyole, mwezi wa saba,
baridi ile inayoifanya spana ing'ate kiganja.
Mwenyewe ni muuguzi, Tusekile, yuko kituo cha afya Igawilo.
Anasema: linalia.
Linaliaje?
Akatazama pembeni. Watu huona haya kuliigiza gari lao.
Kisha akakunja midomo:
krrrrrr, tk. Krrrrrr, tk, tk.
Alilipatia kabisa.

Zamani breki ya mkono ilikuwa ya mkono.
Ulivuta fimbo ukahesabu meno, moja, mbili, hata tano,
waya ukikaza ulijua begani.
Leo ni kitufe, kidole kimoja,
na huko nyuma, kwenye tope la magurudumu,
vimota viwili, kila kimoja kama ngumi ya kichanga,
vinaamka kufanya kazi ya bega.

Sikio langu la kulia lilibaki Mbalizi, kwenye grenda.
La kushoto linasikia wateja.
Magari nayasikia kwa meno:
nauma mpini wa bisibisi, ncha naiweka kwenye kalipa,
chuma kinaongea na taya, taya linaniambia mimi.

Bonyeza, mama.
Gurudumu la kushoto: zzzt. Fupi, kama mtu aliyeitwa akaitika.
Huo si ugonjwa. Huo ni uzima, nao una sauti yake.
La kulia: krrrrrr,
halafu tk,
halafu linajaribu tena, kama mlevi na funguo.

Ingekuwa tk tupu ningesema betri,
baridi ya huku hulala na betri za watu.
Ingekuwa msago, mawe kwenye kinu,
ningesema pedi zimekwisha, chuma kinakula chuma.
Lakini hii ni skrubu ya ndani, imelika upande mmoja,
inazunguka pale pale bila kusukuma.

Gwakisa, kijana wangu, akachomeka mashine.
"Fundi, haina kosa hata moja."
Gari la miaka minne.
Pedi nene kama andazi.
Kwa nini ulike, wewe skrubu?

Unaegesha wapi, mama?
Isyesye. Mtelemkoni, geti linatazama korongo.
Unabonyeza mara ngapi?
Akachezea zipu ya sweta.
Nikadhani hakusikia. Nikauliza tena.
"Mpaka nilale," akasema.
"Mara nyingine naamka saa nane na tochi, nabonyeza tena.
Kikilia ndiyo naamini."

Kumbe.
Breki imekaza, anaikaza juu ya kukaza,
usiku hadi usiku, tangu Machi,
tangu lile gari la kwanza, la fimbo,
lilipoondoka lenyewe kwenye mvua
likapita shamba la viazi la Mwashitete
likalala korongoni, taa zinawaka.
Ndani hakukuwa na mtu.
Lusubilo alikuwa ameshuka
kufungua geti.

Miaka kumi, huyo mtoto. Ananiambia mpaka rangi ya koti lake.
Nami nimeshika bisibisi yenye mate yangu
sijui niiweke wapi.

Tukapata kalipa Mwanjelwa, iliyotumika lakini ina heshima.
Tukafunga, tukatoa upepo, nikauma tena:
zzzt kushoto, zzzt kulia,
karibu sauti moja, la kulia linachelewa kidogo kama bibi harusi.

Nikamwambia, mara moja inatosha.
Ukisikia zzzt, nenda kalale.
"Na nikisahau kama nilisikia?"

Hapo sikuwa na jibu la ufundi.
Nikaenda nyuma ya banda, kwenye vipande vya mkaratusi,
nikachonga kabari, pana chini, nyembamba mbele,
nikaitoboa, nikafunga kamba aining'inize mlangoni.
Iweke nyuma ya gurudumu. Ukishtuka usiku, usibonyeze.
Toka uiguse kwa mguu.

Gwakisa akaandika risiti:
kalipa moja, mafuta ya breki, ufundi.
Akanitazama, kalamu juu.
Nikatikisa kichwa.
Akakata karatasi.