Jozi Mia Nne

Kabla redio haijasema, mimi nilijua.
Nilijua kwa raba buti.

Mwezi wa pili alikuja Wilondja, mtu wa ng'ambo,
shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa,
akaketi juu ya gunia la chumvi ya Uvinza
akaagiza jozi mia nne, nyeusi,
namba saba hadi kumi.
"Kuna shamba kubwa?"
"Kubwa, Mama Daforoza. Na tope lake si la mchezo."
Akalipa taslimu, noti zinanuka moshi na mawese.

Mkulima hununua jozi moja, tena huomba apunguziwe.

Kila buti niliiandika namba ndani kwa kalamu nyekundu,
saba yangu nikiikata kiuno
kama alivyonifundisha mtawa wa Kabanga.
Vijana wakabeba hadi Kibirizi.
Boti ikaondoka usiku, bila taa.

Masika yakashuka. Redio ikaanza kutaja vilima,
kimoja kila jioni,
kama mtu anayeteremka ngazi kwenda ziwani:
leo kilima cha mnara, kesho cha misheni,
halafu daraja.
Mtangazaji akashangaa: waasi wamevukaje kinamasi
ambacho jeshi lilikiacha bila mlinzi,
maana hakuna mguu unaokipita?
Nilizima redio. Nikapanga ndoo.

Mji ulianguka Jumanne.
Jumatano ziwa likaleta watu:
cherehani bila meza, kuku ndani ya sufuria,
bibi ameshika ufunguo
wa mlango ulioungua.
Mwalo mzima ukanuka petroli na maziwa yaliyochacha.

Na mtoto, labda miaka tisa,
buti za mtu mzima zimemfika magotini,
moja ya kushoto,
na nyingine nayo ya kushoto.
"Umezitoa wapi?"
"Njiani. Wenyewe walikuwa wamelala."

Nikamvua, nikamwaga maji.
Ndani ya moja, wino mwekundu: kumi.
Ndani ya nyingine, saba,
imekatwa kiuno.

Nilimpa kandambili za kipimo chake.
Akazivaa, lakini buti akazikumbatia,
akasema ni zake.
Sikubishana. Bei niliyouzia naikumbuka;
aliyonunulia yeye, sikuuliza.

Wilondja amerudi wiki hii.
Sasa wanamwita mheshimiwa, ana mtu wa kumshikia mkoba.
Mji unajengwa, anasema. Anataka mabati,
bando elfu moja, geji ishirini na nane.

Nimemwambia aje kesho.
Kalamu nyekundu iko mezani.
Tangu asubuhi naifunika, naifunua.