Gramu Mia

Dukani Jokkmokk, theluji ya Mei bado i mlangoni.
Muuzaji anaweka viwili juu ya kaunta:
hiki kina kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza
setilaiti inasikia, helikopta inakuja.
Hakina maswali. Betri yake miaka mitano.
Hiki kingine kinaandika, kinajibiwa,
ila kina ada kila mwezi, na chaji
kinaila kama mbwa wa sleji.

Risten anavipima viganjani.
Mwaka jana Ánte alichelewa siku mbili huko Sarek.
Hakuvunjika mguu. Mto ulijaa, basi;
akaketi ng'ambo, akachemsha kahawa,
akangoja maji yapungue.
Naye nyumbani alikuwa ameshamzika mara tatu
kabla hakujapambazuka.

"Wengi huchukua cha yowe," asema muuzaji.

Yowe analo la kutosha.
Alilokosa ni neno dogo, kavu:
*mto umejaa, nipo, kuleni.*

Analipia cha ada.
Nje, Ánte anakipima mkononi, ananung'unika:
gramu mia nzima!
Zibebe, anamwambia.
Mimi nilibeba wewe.