Kwa Yamili, Aliyeidharau Milima ya Urali

"Mbona Urali mifupi?" Yamili akauliza,
"Vilele vyake vi wapi, wingu kuja kujikwaza?"
Sikumwambia ni vipi, kiganja nikamjaza
Jiwe lenye konokono wa bahari ya zamani.

"Hapa palikuwa maji, bara likagonga bara,
Milima ikawa taji, ncha zake zikang'ara,
Na mvua, huyo mlaji, kaila bila papara:
Umebakia ufizi, meno yamo mchangani."

Msonobari wa nyuki ukawa unanguruma.
Yamili, hatikisiki, sikio kwenye kilima:
"Huyu mzee hachoki, ndani kwa ndani ahema!"
Hakushuka hadi giza, na jiwe li mfukoni.